Matanga ya Mwamini wa Televizio

Leo haya imenila muzima muzima. Mimi nasema, mujukuu wangu Zaituni njo anaandika kwa simu. (Anacheka kuliko anavyoandika. Nitamupiga.)

Mbele vita haijafika kwetu Alunguli, jirani mumoja alikuwa na televizio na jenereta. Tulikuwa tunajaa kwake kuangalia muchezo wa kila jioni, feletoni ya Mwamini: mwanamuke ambaye mashemeji walimuzika, halafu akaanza kutoka kaburini kutafuta watoto wake. Tulilia! Kwenda kukojoa tulienda watu watatu watatu!

Halafu vita ikaingia. Televizio ikaibiwa, jenereta pia. Mwisho hatukuuona.

Tukakimbilia pori, njia ya Kalima. Mama Feza, jirani yangu, alipotezana na watoto wake mule njiani. Alikuwa hali chakula, halali usingizi. Siku moja akaniuliza: "Dada, yule Mwamini, alifika kwa watoto wake?"

Nikajibu: "Alifika. Wakakula ugali ya moto."

Nani alinionyesha? Hakuna muntu! Lakini nilisema kwa nguvu. Mama Feza akalala. Watoto wake alikuja kuwapata kisha vita kwisha, wazima. Tangu pale, Alunguli yote inajua: mwisho wa Mwamini, muulize koko Hadija, njo mimi bibi huyu.

Sasa leo Zaituni ananiletea kitabu. "Koko, feletoni yenu wameiendelesha humu, kwa picha."

Nikashangaa. Muntu wa televizio anaingiaje ndani ya kitabu? Sauti yake iko wapi? Na mbona pua imekuwa ndefu?

"Wee angalia picha tu," Zaituni akasema, akaenda soko.

Mimi masomo ya wazungu sikufanya. Nilisoma Kurani tu, na niliisoma vizuri. Basi nikakaa kwa mukeka, nikafungua kitabu kama mwalimu alivyotufundisha, kidole kikafuata picha moja moja.

Picha ya kwanza: Mwamini na watoto wake, wanakula ugali. Nilisema mimi!

Nageuza. Anawaacha. Anaingia pori. (Unaenda wapi, mujinga?) Nageuza tena. Nguo inazidi kuchafuka. Mukono unaingia ndani ya udongo. Mwisho kabisa, mashemeji na majembe, kaburi limefungwa.

Wamemuzika tena!

Nikafungua kilemba, nikatoka inje, nikajitupa chini. "Mwamini weee! Watoto utawaachia nani!"

Kwetu muntu akilia hivi, hatuulize. Tunalia kwanza. Mama Feza alifika mbio, kitambaa kiunoni, analia kunipita mimi. Wanaume wakatoa viti vyangu inje, wakatandika mikeka. Mumoja alikwisha kwenda kutafuta sanda. Mwalimu wa musikiti akafika, akauliza kwa upole: "Maiti iko wapi, mama?"

Nikamuonyesha kitabu.

 Mama Feza akainama juu ya kitabu.

"Yule wa televizio?" Mama Feza akauliza.

"Njo yeye."

Wengine wakaanza kucheka. Yeye hakucheka. "Kule porini uliniambia alifika. Watoto wangu walikuwa hawaonekane, nikashika neno lako. Kumbe ulinidanganya?"

 Nikaokota kilemba, nikajifunika uso.

Pale pale Zaituni akaingia na sombe yake, majani ya muhogo, kichwani. Akaangalia watu, akaangalia kitabu.

"Koko, ulianzia wapi?"

"Mwanzo!" Nikamuonyesha.

"Hapa njo mwisho! Kitabu cha Kifaransa hatufungue upande wa kuume kama Kurani!"

Akakigeuza. Sisi wote tukainama juu yake, mwalimu katikati. Mwamini akatoka kaburini. Akavuka pori. Akafika kwa watoto wake, akakaa, na ile ugali inatoa moshi.

Walicheka mpaka mwalimu akashika ukuta. Mama Feza naye alicheka na machozi, akaniegemea kwenye bega. "Dada, ugali njo ile ile uliyosema."

Basi. Musinicheke. Wenye kuja kwa matanga hawarudi na njaa, mwiko uko mukononi tangu saa ile. Anayetaka kunicheka akuje na sahani yake.