Soksi ya Kuziba Masikio ya Simu

Kinanda alikuwa amekaa kwenye benchi la fundi simu, hana simu mbovu wala nia ya kutengeneza chochote, aliposikia lalamiko lililomfanya anyooshe mgongo.

"Juzi nilimwambia mume wangu godoro limebonyea," alisema mwalimu mkuu wa shule ya jirani, simu yake ikiwa imefunguliwa matumbo mezani kwa fundi. "Nimesema kwa mdomo tu, chumbani, mlango umefungwa. Asubuhi nashika simu, magodoro. Magodoro juu mpaka chini."

"Zinasikiliza hizo," alisema muuza rangi. "Mimi nilitaja kiuno kinaniuma, nikaletewa matangazo ya mikongojo. Nimezeeka na simu yangu imejua kabla ya mke wangu."

"Sheria ipo," alisema wakili, ambaye ofisi yake ilikuwa ghorofani, juu ya kibanda hicho. "Sheria ya faragha ipo, na imeandikwa vizuri sana."

"Inasemaje?"

"Inasema ni kosa."

"Sasa mbona wanafanya?"

"Kwa sababu uliwaruhusu. Wakati unaweka zile programu ulibonyeza Nakubali. Ukishabonyeza, basi tena."

"Wewe hukubonyeza?"

Wakili alikohoa kidogo. "Siku hiyo nilikuwa na haraka."

Benchi lile, tulipe heshima yake, lilikuwa na maoni kuhusu kila kitu: makampuni yanayonenepa kwa siri za watu, sheria zilizolala, watoto walioharibika kwa vioo vya simu. Maoni yalitolewa kutwa nzima, kwa uchungu wa kweli kabisa, na kila aliyemaliza kutoa ya kwake aliinamia simu yake. Kinanda aliwatazama kwa upendo. Watu wenye hasira nyingi na uvivu mwingi hivyo hawapatikani kila siku.

Inafaa tumweleze. Kinanda hakuwa na kiwanja, wala cheti, wala mke. Alikuwa na sauti. Ilikuwa nzito na laini, sauti ya kumtoa nyoka pangoni, na kwa hiyo alishawahi kuuza maji ya bomba kama dawa ya kipara, na viti vya mbele vya mkutano ambao haukuwahi kufanyika. Sauti ikishikwa na mafua, nyumba nzima ililala njaa, na nyumba nzima maana yake yeye na shangazi yake, dada wa marehemu baba, aliyemlea tangu akitambaa. Tena alikuwa mwangalifu. Hakupiga picha na mtu, hakuandika jina lake popote, na laini za simu alizibadilisha kama leso. Katika mji mzima hakuna aliyeilinda faragha kama tapeli huyu.

"Kuna soksi," alisema Kinanda polepole, kama mtu anayetoa siri bila kupenda.

Benchi zima likageuka.

"Soksi ya nini?"

"Ya simu. Inaziba masikio yake. Wakubwa wanazo muda mrefu. Nyinyi hamjiulizi kwa nini siri za wakubwa hazivuji?"

Siri za wakubwa zilivuja kila wiki na benchi hilohilo ndilo lililozijadili, lakini swali lilikuwa limeulizwa kwa sauti ile, na hakuna aliyekumbuka.

Shangazi alikuwa na cherehani. Alipewa furushi la soksi nene za sufu na gunia la makaratasi ya biskuti, yale yanayong'aa kwa ndani, akaambiwa ayashonee humo yawe bitana.

"Mwanangu, huu ni upuuzi gani?"

"Ni teknolojia, Shangazi."

"Teknolojia inanukia vanila?"

"Wewe shona tu."

"Nashona. Ila siku ukikamatwa, mimi ni mzee, magoti yananiuma, sijui kitu." Akakanyaga pedali. "Na hata hayo magoti hujawahi kuniuliza yanaendeleaje. Unaingia, unakula, unatoka. Hiyo sauti yako tamu naisikia kwa majirani tu."

Kinanda alikuwa ameshatoka.

Onyesho lilifanyika kibandani, na fundi simu alikubali kutoona kitu kwa malipo ya soksi mbili na sehemu yake ya mapato. Kinanda aliinua simu juu wote waione, akaitumbukiza kwenye soksi, na katika kuitumbukiza kidole gumba kikaizima. "Nipigieni." Wakapiga. Mwanamke wa kwenye mtandao akawaambia kwa adabu kwamba mteja hapatikani. Benchi likanong'ona kama kanisani.

"Hapatikani," alirudia Kinanda. "Mmesikia neno hilo? Hiyo ndiyo faragha, ndugu zangu. Mtu asiyepatikana."

Zikanunuliwa. Mwalimu mkuu alichukua ya kwake na ya mumewe. Muuza rangi alichukua za rangi tatu. Wakili, aliyeijua sheria, alichukua mbili, moja ya simu ya kazi na moja ya simu ambayo mke wake hakuijua. Sufu ilikuwa nene, kwa hiyo simu ikiita ndani mtu hasikii, na watu walianza kukosa simu za wagonjwa wao na wateja wao. Walipokuja kulalamika Kinanda aliwapa pole kwa dhati. "Inafanya kazi vizuri kuliko nilivyotegemea," alisema, nao wakaondoka wakijivuna.

Ndipo akaja meneja. Alikuwa mwanamke mnyamavu mwenye viatu visivyotoa sauti, na kadi shingoni ya kampuni ya simu, ile yenye jengo la vioo. Alisikiliza maneno ya Kinanda mwanzo mpaka mwisho bila kupepesa, akanunua soksi moja, akaomba waongee ofisini.

Mtu mwingine angetoroka. Kinanda alikosa usingizi usiku ule kwa furaha. Siku zote aliwaibia watu wadogo, na jambo hilo lilimuuma, si kwa huruma bali kwa sababu watu wadogo wana mifuko midogo. Sasa kampuni yenyewe, inayokula siri za mji mzima, inataka kununua makaratasi ya biskuti.

"Tunauona uvumbuzi wako ni wa thamani kubwa," alisema meneja. Chumba kilikuwa cha vioo pande zote, na viti vya kumfanya mtu ateleze nyuma. Pembeni alikaa mhandisi kijana, ameshika ile soksi. "Tungependa kununua haki zake zote."

"Si rahisi kuachana nayo," alisema Kinanda, akaishusha sauti mpaka mahali pale inapomfanya mtu ajione ndugu. "Ni kama mtoto wangu."

"Tunaelewa. Una kipaji adimu sana, bwana. Kampuni yetu ina watu wengi, lakini mwenye kipaji kama chako hatuna."

Kilemba cha ukoka kilimkaa vizuri mvumbuzi wetu, akainua kidevu ili kikae zaidi. Meneja akamsogezea tableti. Mkataba ulianza pale juu kwa herufi ndogo, na Kinanda alipousukuma kwa kidole uliteremka, ukateremka, ukaendelea kuteremka. Naye angeusoma. Tumtendee haki: alikuwa mtu pekee mjini ambaye kila siku aliwasimanga wenzake kwa kubonyeza wasichokisoma, na alipofika kwenye kifungu cha tatu alikuwa bado anasoma kwa makini.

Mhandisi akainusa soksi. Akakunja uso, akainusa tena. Kisha akafungua droo akatoa mkasi.

Kinanda alibonyeza Nakubali kwa nguvu iliyoacha alama ya kidole.

"Hongera," alisema meneja. "Weka huo mkasi," akamwambia mhandisi, "tumeshamaliza." Mhandisi akaitupa soksi kwenye kapu la taka bila hata kuitazama inaangukia wapi. Jambo hilo lingemshtua mtu mwenye akili zake, lakini Kinanda wakati huo alikuwa anajizuia kucheka.

Kabla ya kuondoka waliomba awasomee mambo machache kwenye maikrofoni, ya kumbukumbu tu. Akasoma. Walimwomba aseme kwa furaha, kwa majonzi, kwa kubembeleza. Aseme pole, aseme shikamoo, acheke, ataje herufi zote na majina mengi ya watu. Alisoma mpaka jioni, na hakuna siku aliyojisikia mtu wa maana kama siku hiyo. Alirudi nyumbani na hundi na suti mpya, akamwambia shangazi kwamba ameliingiza mjini jengo zima la vioo.

Shangazi aliichukua ile hundi akaigeuza huku na huku. "Wamekupa hela kwa makaratasi ya biskuti," alisema. "Na wao wakachukua nini?"

"Makaratasi ya biskuti, Shangazi."

Haikupita muda simu za mji zikaanza kuita kwa wakati mmoja.

"Ndugu yangu, habari za asubuhi," ilisema sauti nzito na laini, ya kumtoa nyoka pangoni. "Umechoka kusikilizwa? Jiunge na huduma yetu mpya ya Mlinzi. Mlinzi anakusikiliza usiku na mchana ili kuhakikisha hakuna mwingine anayekusikiliza. Ukikubali, sema ndiyo."

Mji ukasema ndiyo. Mwalimu mkuu alisema ndiyo akiwa darasani. Muuza rangi alisema ndiyo mara mbili. Hakuna aliyeuliza swali, maana ni nani asiyeijua sauti ya yule kijana mwaminifu wa soksi? Na malipo yalikatwa kila mwezi, kidogokidogo, kihalali kabisa, kwa risiti.

Kinanda alimkuta shangazi jikoni, simu imeegemezwa kwenye kopo la chumvi, anacheka nayo.

"Unaongea na nani?"

"Na wewe," alisema shangazi. "Umeanza kuwa na adabu mwanangu, nimefurahi. Kila asubuhi unanipa shikamoo, unaniuliza magoti. Jana tumeongea habari za baba yako mpaka nikalia. Nimekueleza mambo mengi."

"Shangazi, huyo si mimi."

Shangazi alimtazama, akaitazama simu. "Najua," alisema kwa upole. "Nimezeeka, sijawa mjinga. Lakini yeye anauliza."

Hilo lilimchoma Kinanda kuliko alivyotarajia, na kwa kuwa hakujua la kufanya na maumivu ya namna hiyo alikwenda kazini. Alikuwa na mpango mpya, wa losheni ya kuzuia mionzi. Alifika kwenye benchi, akavuta pumzi, akafungua mdomo. "Ndugu zangu, habari za..."

"Nimeshajiunga," alisema muuza rangi bila kuinua kichwa.

"Sitaki matangazo sasa hivi," alisema mwalimu mkuu. "Niko kwenye mapumziko."

Alijaribu tena. Fundi simu alimwambia kwa utulivu kwamba anayetaka kusitisha huduma abonyeze sifuri, na benchi likacheka. Alihamia mtaa wa pili, wa tatu, na kote ilikuwa vilevile. Akifungua mdomo watu walitafuta mahali pa kubonyeza. Jioni ukaja ujumbe wa kampuni, mfupi na wa heshima, kwamba imebainika anatumia kibiashara, bila kibali, sauti iliyo mali ya kampuni, na wanamwomba aache kabla hawajachukua hatua.

Mtu mwenye kuogopa mahakama kama Kinanda hapandi kwa wakili ila maji yamemfika shingoni. Alipanda.

"Kabla hatujaanza," alisema wakili, "faragha ya mteja." Akatoa soksi zake mbili kwenye droo, akaingiza simu yake katika moja, akamnyooshea Kinanda ya pili.

Kinanda aliitazama ile soksi. Aliingiza simu yake, wakaziweka mezani, zikanukia vanila.

Mkataba ulikuwa kwenye kompyuta. Wakili aliusoma kwa furaha ya mtu anayesoma kosa la mwenzake. "Hapa wamenunua sauti. Si soksi. Soksi haijatajwa popote. Sauti, pamoja na kikohozi, kicheko na pumzi. Dunia nzima, kwa muda wote, hata ukifa. Wameandika vizuri sana hawa."

"Naweza kuwashtaki?" Alinong'ona; siku hizi alinong'ona.

"Unaweza. Kila mtu ana haki. Ila mahakamani itabidi uongee, na hapa kifungu cha arobaini kinasema ukiongea hadharani kwa manufaa yako ni lazima wao wakupe kibali." Akainua macho. "Kwani hukusoma?"

"Siku hiyo nilikuwa na haraka."

Wakili akakohoa kidogo. Kisha wote wawili wakainamia meza, kwa sababu soksi ilikuwa imeanza kuongea.

"Ndugu yangu, pole sana," ilisema sauti kutoka ndani ya sufu na makaratasi ya biskuti. "Nimesikia una tatizo la mkataba. Mtu ametumia ulicho nacho, na huna wa kukutetea. Najua inavyouma. Tuna kifurushi cha msaada wa kisheria, kwa watu wa kawaida kama wewe na mimi."

Kinanda aliijua kila pumzi yake. Alijua itatua wapi, itashuka wapi, na pale itakaposhuka msikilizaji atajiona ana ndugu duniani. Mbinu hiyo aliibuni mwenyewe, jikoni kwa shangazi, mbele ya kioo kilichopasuka. Alijua hakuna kifurushi chochote cha maana. Alijua uongo huo kuliko alivyojua sura yake. Lakini hakuna mtu aliyekuwa amempa pole tangu balaa hilo lianze, na sauti ilikuwa nzuri mno.

"Ukikubali," ilisema soksi, "sema ndiyo."

"Ndiyo," alisema Kinanda.

Soksi ikamshukuru, kisha ikamtaja kwa jina lake kamili, lile alilopewa na marehemu baba yake, ambalo katika mji huo lilijulikana na shangazi peke yake.