Kaske ya Tata Muamba

Jumatatu, 4 mwezi wa nane 1975

Nimepata njia! Mbelu atakuwa mke wangu, na njia yenyewe inapita masikioni mwa baba yake.

Tata Muamba analipua mawe kwa baruti kule kwenye mgodi wa Mashamba. Masikio yake yamebaki nusu. Jioni anavaa kaske kubwa ya kusikilizia redio, ile aliyoachiwa na Mbelgiji mmoja, na hapo tu ndipo anaposikia habari za dunia. Lakini ile mito ya kitambaa inayokaa juu ya masikio, ee Mungu! Myeusi kwa mafuta ya nywele, imechanika, inanuka soksi. Mbelu anasema siku hizi baba yake hana raha kabisa. Na Jumapili baba mdogo Kabeya anakuja kutoka Mutoshi kuniombea mchumba! Tata Muamba akiwa na raha, atanikubali. Akikosa raha, atamtoa binti kwa Louis.

Louis ni fundi cherehani. Tangu majina ya kizungu yakatazwe, anataka aitwe Citoyen Ngandu, yaani Raia Ngandu. Humu atabaki Louis.

Nimemwambia Tata Muamba, kwa kelele, kwamba hakuna anayejua kaske kunishinda mimi Ngeleka. Akauliza nani amekufa. Nikarudia. Mwishowe akanipa.

Jumanne, 5

Mbelu amenishauri: maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, nibonyeze polepole bila kukamua, nianike kivulini. Ushauri wa wanawake! Uchafu kama ule unataka moto. Nimeitia mito ndani ya sufuria, nikaijaza sabuni ya unga, nikaiweka juu ya mbabula yenye makaa mekundu na kuichemsha kama majani ya sombe. Jirani yangu Laurentine alifuata harufu mpaka mlangoni. Alisema kama ni nyama ya porini, asisahauliwe.

Nilipofunua, sponji ilikuwa uji. Kitambaa kilikuwa nyuzi tupu. Lakini maji yalikuwa meusi ti! Maana yake uchafu umetoka wote. Kazi nzuri.

Jumatano, 6

Sponji nimepata: nimeikata kwenye godoro langu, upande wa kichwa. Sasa kitambaa. Nimejishusha, nimekwenda kwa Louis kuomba kipande. Akasema hana kitambaa cha kuwapa wazururaji. Akasema tena kwamba Jumapili atafika kwa Tata Muamba na abacost mpya, ile suti isiyo na tai, na kwamba mimi niende kuangalia kwa mbali. Nikacheka kwa adabu.

Akageuka kutia makaa kwenye pasi. Chini ya meza, kikapu! Ndani ya kikapu, kipande cha kikwembe, kijani chenye maua ya manjano, kipya, laini. Sasa kiko mfukoni mwangu. Nimemwibia Louis! Nimerudi nyumbani nikiruka mitaro yote, hata ile isiyo njiani.

Ijumaa, 8

Nimeshona, nimejichoma, nimeshona. Mto wa kushoto umetoka mviringo. Wa kulia umetoka kama kiatu. Nimeifunga yote miwili kwa mpira wa baiskeli. Maridadi!

Tata Muamba akaivaa, akafumba macho, akapiga kelele: “Aaah! Mutoto huyu eko na mikono!” Ameniita mtoto! Nilitaka kumkumbatia. Nilimkumbatia. Alishangaa kidogo.

Jumamosi, 9

Mechi redioni. Tata Muamba amekaa uani, jua kali, kaske kichwani, akipiga mateke hewani kila mpira ulipokaribia goli. Jasho likamtoka. Alipoivua, masikio yalikuwa ya kijani. Kijani! Na kijani kingine kikiteremka kuelekea shingoni. Nilisahau kwamba kitambaa kipya lazima kifuliwe kwanza. Mbelu akauma ncha ya kilemba chake asicheke. Mimi nikaaga haraka. Nani atatazama masikio ya mzee?

Jumapili, 10

Kanisa zima limetazama masikio ya mzee. Baba mdogo Kabeya aliniuliza kwa siri kama ni ugonjwa wa mgodini na kama binti naye anao.

Baada ya misa tukakaa uani. Louis akafika na abacost yake. Kisha Mama Kabedi, mama yake Mbelu, akatoka amevaa nguo mpya. Kijani. Maua ya manjano. Kaske iko mezani, kijani, maua ya manjano. Kwetu Wakasai mkwe hagusi nguo ya mama mkwe, hata kivuli chake anakikwepa. Na mimi nimeikata, nimeishona, nimemvisha mumewe masikioni.

Louis akaruka. “Mwizi! Ile ni kikwembe ya Mama, ilibakia kwangu! Mukwe kushika nguo ya mama mukwe, ni haya kabisa! Alipe mbuzi ya haya, leo leo!”

Nilijua nimekwisha. Nilimtazama Mbelu, nikawaza nitaishije katika mji huu bila yeye.

Mama Kabedi akamwomba Louis arudie. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi, hata Tata Muamba akasikia. Hapo mama akasema kwa utulivu kwamba mtu wa nje akikata nguo yake, anapelekwa polisi. Anayelipa mbuzi ya haya ni mkwe tu. Fundi mwenyewe ametamka mukwe mbele ya wazee, mara mbili. Basi mbuzi aletwe!

Akaingia ndani, akavuta pazia la mlango ili nisimwone tena uso kwa uso, kama mama mkwe na mkwewe. Sijawahi kufurahi hivi kwa kufungiwa pazia! Baba mdogo akapaza sauti kwamba mbuzi yuko Mutoshi, mnene. Tata Muamba akauliza kumeamuliwa nini, Mbelu akamwambia sikioni. Akasema sawa, mradi mtu asiguse kaske yake, ni nzuri sana. Louis alibaki amesimama na abacost yake. Hakuna aliyempa kiti.

Jumatatu, 11

Nimewaza usiku kucha na mafunzo ni wazi: kuchemsha ni njia bora, na mimi nina kipaji.

Kiti cha Tata Muamba kimechakaa vibaya, kitambaa kimetoboka mpaka kwenye misumari. Nyuma ya nyumba, kwenye kamba, Mama Kabedi ameanika kikwembe chekundu, kipana, kinatosha kabisa. Mbelu ameniapia kwamba nikikigusa atanipasua kichwa. Ushauri wa wanawake! Mbuzi si wako wengi Mutoshi? Mkasi ninao tayari. Ni wa Louis, bado hajajua.