Elfu Kumi za Iwona

Jumatatu, 10 Machi

Nimeamua. Tunahama kutoka kwa mama mkwe kabla ya Juni. Miaka sita mimi na mke wangu Iwona tunalala kwenye kochi la kukunjua sebuleni kwake, na Mama hazimi televisheni mpaka tamthilia yake ya mapenzi iishe. Wakati wa matangazo anatuangalia sisi.

Mzee Kubiak anauza nyumba yake ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, hapa hapa mjini Radom. Iwona amempa zloti elfu kumi za kushikia nyumba. Akiba yake ya miaka mitano ya kuokea watu keki. Tusipopata mkopo wa nyumba kufikia mwisho wa Mei, mzee anabaki na nyumba na hela. Iko kwenye mkataba. Nilisaini bila kusoma, kwa kujiamini.

Jumatano, 12 Machi

Kwa dalali wa mikopo, Bi Jolanta. Ana miwani miwili, mmoja machoni, mwingine kichwani. Akasoma mikopo yangu minne kwa sauti: televisheni, meno, safari ya Bulgaria, mtumbwi. Kwenye mtumbwi ofisi nzima iligeuka.

Akasema benki haitanipa nyumba nikiwa na marejesho manne kila mwezi. Niyaunganishe yawe mkopo mmoja, rejesho lishuke kutoka elfu mbili na mia moja hadi elfu moja na mia moja. Alama zangu za ukopaji zitashuka kidogo kwanza, maana mkopo ni mpya. Nikilipa kwa wakati zitapanda. Wakati wa kuagana akanishika mkono, hakuuachia.

"Mpaka benki ijibu, usikope hata sindano, Bwana Leszek. Hata sindano."

Ananichukulia mtoto huyu.

Jumatatu, 17 Machi

Mimi si mtu wa kurukia ofa ya kwanza. Nimepeleka maombi ya kuunganisha mikopo kwenye sehemu saba kwa siku moja, wanigombanie.

Hawakunigombania. Bi Jolanta kapiga simu: kila anayechungulia rekodi yangu anaacha nyayo, na nyayo saba za siku moja zinaonyesha mtu aliyeshikwa pabaya. Alama zimeporomoka. Lakini wa saba kanikubalia! Nimemwambia Iwona sasa tuna deni moja tu. Akauliza la kiasi gani. Nikamsifia keki.

Jumatatu, 5 Mei

Marejesho mawili, yote kwa wakati. Alama zimepanda! Nazitazama kwenye simu kabla hata ya kunawa uso. Mama anadhani nina mwanamke. Maombi ya nyumba yako benki, na Bi Jolanta kasema kwa mara ya kwanza kwamba mambo yanakwenda vizuri.

Balaa liko kwingine. Jumapili ni Komunyo ya Kwanza ya Oliwka, binti wa kaka yangu, nami ndiye baba yake wa ubatizo. Mama wa ubatizo ni binamu yangu Grażyna, aliyerudi kutoka Norwei na pesa na maringo. Kaka kanidokeza kwamba Grażyna analeta baiskeli ya umeme. Mimi nimeandaa saa ya mkononi. Ya plastiki.

Alhamisi, 8 Mei

Nimeiona dukani. Pikipiki ya watoto, magurudumu manne, rangi ya waridi. Zloti elfu nne. Muuzaji akaniambia nilipe kidogokidogo kwa miezi ishirini, bila riba hata senti.

Nikafikiri sana. Mkopo ni riba. Pasipo riba pana nini? Urafiki tu. Nikasaini.

Jumapili, 11 Mei

Ushindi! Baiskeli ya Grażyna ilibaki imeegemea ukuta kama mgeni asiyealikwa. Oliwka na gauni lake jeupe na taji la maua aliendesha pikipiki moja kwa moja hadi kwenye kabichi za jirani. Padri alicheka mpaka akamwaga supu.

Grażyna akauliza nimetoa wapi pesa. Nikamjibu mwanamume haulizwi. Iwona naye aliuliza, mara mbili, taratibu. Nikamwambia ni akiba.

Ijumaa, 23 Mei

Benki imekataa. Kabla ya kutia sahihi walichungulia rekodi yangu tena, wakakuta mkopo mpya wa tarehe nane. Nilimweleza Bi Jolanta kwamba hauna riba. Akavua miwani yote miwili. Hakunifokea. Angenifokea ningejua la kufanya.

Nilimwambia Iwona jikoni. Alikaa juu ya ndoo.

"Kwa hiyo elfu kumi zangu zimepanda pikipiki," alisema.

Nilitamani Mama, aliyekuwa anasikiliza mlangoni, aingie anitukane. Hakuingia. Roho iliniuma sana.

Alhamisi, 5 Juni

Mzee Kubiak kauza nyumba. Kwa Grażyna! Taslimu! Anaipangisha, na mpangaji wake ni Iwona. Kahama jana na masanduku mawili na vyombo vyake vyote vya kuokea. Nilimsaidia kubeba hadi ghorofa ya tatu. Mlangoni alinishukuru, akaufunga.

Nimebaki na Mama. Tamthilia ilipoanza alinisogezea bakuli la karanga, nikajua hali yangu ni mbaya kuliko nilivyodhani.

Jumamosi, 7 Juni

Nimelia bafuni, nimeoga, akili imerudi. Iwona hataki maneno, anataka elfu kumi zake. Basi jana nimechukua mikopo mitatu, sehemu tatu tofauti, midogomidogo hata haionekani. Mwezi wa tisa naiunganisha. Bi Jolanta hana haja ya kujua.

Pesa ziko kwenye bahasha, noti mpya tupu. Jumatatu nabisha hodi ghorofa ya tatu, nione kama hatanifungulia.