Gunia la Sukari na Ngozi ya Kenge

Jumatatu, 2 Februari 1976
Tangu asubuhi ya leo napenda sana wanyama wa porini. Chifu katangaza sokoni: watu wajitolee kupanda miti kando ya kinamasi, na Jumapili vikundi vimwimbie Meja kutoka Tororo nyimbo za kuhifadhi wanyama. Kikundi bora kitapata gunia la sukari. Sukari! Siku hizi ilivyoadimika! Mzee Hamuza alishaapa kwamba bila sukari binti yake Hajarah simwoi. Harusi ya chai chungu, alisema, ni matanga yenye pilau. Na Wahabi wa lori anamnyemelea Hajarah huyohuyo, na kila akivuka mpaka kwenda Kenya hurudi na kitu chini ya turubai. Mimi sina lori. Nina akili.

Jumanne, 3 Februari
Nimeunda Chama cha Kupenda Wanyama. Mwenyekiti: mimi. Waimbaji: Norah na Benedeta, wauza samaki. Mpigaji: Ojiambo wa Bulumbi, anayeunda ngoma zake mwenyewe. Wimbo nimetunga: mnyama ni ndugu yetu, tusimwue. Norah kauliza kama na samaki wake ni ndugu. Nimesema samaki ni mashemeji.

Pigo! Ngozi ya ngoma ndefu imepasuka, na bila ngoma ndefu sisi Wasamia wa huku hatuchezi, hatutikisi bega. Nikashauri ngozi ya mbuzi. Ojiambo kanitazama kama nimemtukania mama. Ngoma ndefu, kasema, huwambwa ngozi ya kenge tangu babu zake. Ya mbuzi hukohoa tu. Benedeta naye: sasa Mwenyekiti, tumwue ndugu ili tuimbe tusimwue ndugu? Nimemjibu kwamba mmoja atajitolea kwa niaba ya wenzake.

Alhamisi, 5 Februari
Nimechimba mashimo mengi ya miti kuliko mtu yeyote. Chifu kanisifu hadharani. Hakujua natafuta kenge. Nimempata, au yeye kanipata: mkia wake umenichapa muundi nikaomba radhi kwa Kiarabu. Ojiambo akamaliza kazi. Ngozi imeshawambwa, iko juani. Wahabi kapita na lori, kaniona nachechemea. "Bwana Miti! Chai umeshabandika?" Cheka tu, ndugu yangu.

Jumapili, 8 Februari
Tumepiga. Wallahi tumepiga! Hata askari walitikisa mabega, bunduki zikigongana. Meja kashuka jukwaani, kaipapasa ngoma, kauliza kwa upole ni ngozi gani hii yenye sauti tamu. Nikawahi: ya zamani, Afande. Ojiambo hakuvumilia kazi yake kuitwa ya zamani. "Kenge, Afande! Mpya kabisa! Tumemtoa palepale kwenye miti yako!"

Meja kacheka. Tukacheka. Meja kaacha kucheka, kaigeuza ngoma na kuichungulia. Mwishowe kaamuru: gunia apewe Wahabi, aliyejitolea lori kubeba miche. Ngoma iingizwe kwenye gari la Meja mwenyewe. Na mimi, kwa kuwa nawapenda wanyama, niwalinde kenge wa kinamasi, kwa kujitolea, mpaka atakaponikumbuka. Naomba asinikumbuke.

Jumatano, 11 Februari
Nalinda kenge. Hawana shukrani.

Mchana kaja Aidah, mdogo wake Hajarah. Kumbe Wahabi alipeleka gunia kwa mzee, na Hajarah akalirudisha mlangoni, kwamba yeye hanunuliwi kwa vijiko. Baba kanuna, lakini kabaki na binti. Sasa Hajarah anataka niende jioni hii, nimwambie mzee kweli kwamba sukari sina, niombe kama mwanamume. Bila hila, kasema Aidah. Kisha karudia: "Shemeji, bila hila!"

Nimeguswa. Machozi yalinilengalenga. Nitakwenda, tena kwa ukweli mtupu.

Lakini mikono mitupu? Kwenye mti mkavu hapa kinamasini kuna nyuki, na asali inatona. Nimeshaunda Chama cha Kuhifadhi Nyuki. Ojiambo hasemi nami tangu ngoma iende, ila moto ataleta. Moto mdogo tu. Moshi utatosha kuwafukuza nyuki: miche ya Meja ina majani mabichi mazuri.