Dagaa Kwenye Mlima wa Mbao

Jumapili, 2 Februari

Mwezi wa tano tangu niondoke kisiwani kwetu Fogo, pwani ya mashariki. Nilimwambia mke wangu Effie nitarudi Krismasi. Sasa nasema Pasaka.

Baridi ya huku Alberta haina adabu. Wiki nzima tumechimba mtaro wa bomba la mafuta, ardhi ngumu kama moyo wa msimamizi. Mgongo umekwisha. Na jioni, badala ya kulala, nakimbia na mbwa ukumbini. Ndiyo. Mimi.

Mbwa anaitwa Tutoni, kama andazi la kwetu. Rangi ya andazi lililoungua, akili vilevile. Mwenzangu wa kazi alihama akamwacha mlangoni kwangu pamoja na bakuli lake. Simpendi, simchukii. Analala juu ya miguu yangu. Ni joto, basi.

Tatizo ni Mama Olga, mwenye nyumba. Mkesha wa Krismasi ya kanisa lake, ile ya Januari, Tutoni alipanda mezani akamaliza sufuria nzima ya kabeji za kuviringishia nyama, wageni hata viatu hawajavua. Mama Olga akasema mbwa mwenye miguu ile anataka kazi, si kamba. Akamwandikisha darasa la mbwa wa kuruka viunzi, na mimi nikaandikishwa naye.

Jaribio ni Jumapili ijayo. Akipata cheti, abaki. Asipopata, aende shambani kwa mpwa wa Mama Olga, alale ghalani. Nimelipita ghala hilo. Hata ng'ombe wanakohoa.

Jumanne, 4 Februari

Darasa. Zamani ukumbi ulikuwa wa kufundishia farasi. Farasi wamehama, harufu imebaki. Nyasi za plastiki. Viunzi vya kuruka, bomba refu la kitambaa la kupita ndani, na mlima: mbao mbili pana zilizoegemeana. Chini ya mlima, kila upande, wamepaka rangi ya njano. Mbwa akishuka lazima aikanyage. Akiiruka, amefeli. Nani alitunga sheria hii, sijui.

Kwanza watu hutembea njia bila mbwa. Watu wazima! Wanazunguka viunzi wakiipungia hewa, wakiisifu hewa. Marvin Plett, mstaafu wa benki, aliiambia hewa: "Safi sana, mama!" Mbwa wake, Duchess, alikuwa kizimbani akipiga miayo. Mimi nilikaa nikala mkate. Mtu aliyechimba tangu alfajiri hatembezi hewa.

Zamu yetu. Nilipiga kelele zote ninazozijua, pamoja na zile za kufukuzia kondoo. Tutoni akaingia kwenye bomba, akalala humo. Marvin akauliza: "Amepanga au amenunua?" Ukumbi mzima ukacheka.

Mwalimu, Bi Rhonda, akanivuta pembeni. "Hubert, kaka yangu, funga mdomo. Mbwa hasikii hizo kelele. Anasoma miguu yako. Vidole vikielekea huko, naye huko."

Anasoma miguu! Hilo nimelielewa.

Alhamisi, 6 Februari

Kifurushi cha Effie kimefika. Soksi, na dagaa wakavu wa kwetu, wale wanaojitupa wenyewe ufukweni ikifika Juni. Ni wa mwisho ghalani, alisema kwenye simu. Nimewatia ndani ya buti. Kama anasoma miguu, asome.

Alisoma. Walisoma wote! Mbwa wote wa darasa waliacha njia wakanifuata mimi. Duchess alinivua buti la kushoto. Marvin alisema amemfundisha mbwa huyo miaka mitatu na hajawahi kumkimbilia yeye hivyo. Alisema kwa uchungu.

Bi Rhonda akatangaza: chakula njiani marufuku. Nikauliza, mfukoni je? "Popote mwilini, Hubert."

Jambo moja nimelibaini. Hata Duchess huiruka ile njano. Kila mara. Mbio za malkia, mwisho hewani.

Jumamosi, 8 Februari

Amesema mwilini. Hakusema mbao.

Nimejitolea kufagia ukumbi. Bi Rhonda alinishukuru mpaka nikaona haya kidogo. Alipotoka, nikasugua dagaa kwenye njano, pande zote mbili, mpaka rangi ikang'aa. Ushindi upo mkononi. Mkono unanuka.

Jumapili, 9 Februari

Mama Olga alikaa mbele, chupa ya supu mapajani. Mpwa wake pembeni, kamba mkononi. Sikuipenda ile kamba.

Duchess alitangulia. Akapanda mlima, akashuka, akasimama kwenye njano kama aliyepigiliwa msumari! Akainusa, akaendelea. Marvin akalia machozi. "Umeona, bwana wa visiwani? Uvumilivu huo!" Nikasema nimeona.

Tutoni. Akapanda. Akafika kwenye njano. Akalamba. Niliita, akalamba. Nilikimbilia bombani nikipiga mayowe, akahamia upande wa pili, akalamba na huko. Muda ukaisha. Mpwa akasimama, akakunjua kamba.

Bi Rhonda akapiga magoti, akanusa mbao. Akasimama, akaninusa mimi. "Hubert." Hilo tu. Akamtazama Marvin aliyekuwa akikibusu cheti chake, akamwacha nacho. Kisha akanipa siki, maji ya moto na brashi. Nikaosha mlima mbele ya kadamnasi.

Mama Olga akapaza sauti: "Mbwa hana kosa! Mwenye kosa ni yule aliyevaa kofia. Mrudishe tena!"

Bi Rhonda akakubali kwa masharti. Nivue koti na buti. Na nitembee njia bila mbwa, kama wenzangu. Nikatembea kwa soksi, nikiielekeza hewa. Kwenye mlima nikaisifu pia. Nilikuwa nimechoka kubisha.

Sauti ilikuwa imenikauka, kwa hiyo nikakimbia kimya. Nilipogeuza vidole, Tutoni akageuka. Viunzi. Bomba, kaingia, katoka! Mlima. Njano, miguu yote minne. Alipomaliza alinirukia kifuani nikaanguka chali. Sikuinuka upesi. Uchovu.

Cheti! Mpwa akakunja kamba. Bi Rhonda akaniinamia: "Umeona sasa? Kutembea njia, kimya, miguu." Nikaitikia kwa kichwa. Heshima haigharimu kitu.

Jumatatu, 10 Februari

Nimewaza kutwa mtaroni. Bi Rhonda ni msomi, lakini hapa amekosea. Siki huondoa harufu ya juu tu. Dagaa wa kwetu huingia ndani ya mbao. Ndio waliotushindia.

Nimemwandikisha Tutoni daraja la pili. Kuna bembea la ubao na fito za kupenya. Bembea lina njano pia! Darasa hilo linaisha mwishoni mwa Mei.

Nilimpigia Effie, nikamwomba gunia la dagaa. Akasema hakuna, mpaka wajitupe tena. "Na safari hii uje uwaokote mwenyewe, mume wangu."

Hoja nzito. Basi Pasaka imeshindikana. Narudi Juni, mimi na Tutoni, na magunia mawili matupu.