Pikipiki Ndefu, Miguu Mifupi

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimeamua. Nanunua pikipiki! Si pikipiki hivi hivi. Nataka zile mpya zilizotengenezwa zionekane za zamani: tangi la mviringo, kiti cha ngozi, kromu ya kujitazamia. Siku za wiki inipeleke kazini, mwisho wa wiki inipoteze milimani.

Mke wangu akauliza kwa nini nitafute kitu kipya kinachoonekana cha zamani, wakati humu ndani tayari kuna cha zamani kinachojiona kipya. Si kila neno ni la kujibiwa.

Hata hivyo hakukataa. Ametoa sharti. Jumamosi nimpeleke kwa mama yake kule milimani kwa pikipiki nitakayoichagua. Akifika bila kuanguka na sketi yake safi, pikipiki ninunue. La sivyo tunachukua skuta ya kaka yake. Huyo shemeji tunamwita Komando kwa sababu ya suruali zake zenye mifuko hadi magotini. Kajinunulia dude jipya, sasa anatafuta wa kumtwika ile skuta. Ni ya waridi. Ina kikapu mbele! Mimi na kikapu! Afadhali niende kazini kwa kutambaa.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimemwambia bosi jino linaniuma, nikaenda duka la pikipiki. Muuzaji kanionyesha mbili za kizamani. Moja nyeusi, fupi, tulivu, ya mjini. Eti hata kwa safari inafaa ukiifunga mikoba pembeni. Nyingine ya kijani, ndefu, ekzosi imepanda juu, matairi yenye meno. Akaanza kunieleza habari za injini. Sikumsikia. Nilikuwa nimeshaiona taa ya ile ya kijani. Kioo kizito, pete pana, mwanga mtulivu usioumiza macho. Miaka yote hii nauza taa, za mezani, za dari, za ukutani. Taa nzuri naijua. Pikipiki yenyewe ni kitu cha kuibebea taa tu.

Nikapanda. Miguu ikabaki inaning'inia. Nikanyoosha vidole. Hewa! Muuzaji akauliza kwa adabu kama ningependa kujaribu ile fupi. Nikamwambia nilikuwa napima urefu wa dari.

Kumbe pikipiki ya majaribio hawaitoi kwa siku nzima bila mdhamini wanayemfahamu. Wanayemfahamu ni Komando, dude lake alilinunua hapo. Ikabidi nimpigie. Akacheka, akasema mchagua jembe si mkulima, kisha akanidhamini. Eti Jumamosi atatusindikiza, asije dada yake akalala porini. Nimedhaminiwa na adui. Ila pikipiki nimeipata, na usingizi utakuja.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Ufumbuzi umepatikana! Nimempelekea fundi viatu buti zangu aziongeze soli, na juu ya soli aongeze soli. Nikamwambia ni za jirani, anaigiza mchezo wa jukwaani. Fundi akatazama buti, akatazama miguu yangu, akauliza kama jirani naye ana kidole gumba kilichotokeza vile vile. Nikasema ni ndugu wa mbali.

Jioni nimezijaribu nyumbani. Nimegonga kichwa kwenye kizingiti cha juu cha mlango wa jikoni kwa mara ya kwanza maishani. Raha iliyoje! Mke wangu akasema naonekana nimerefuka. Nikamwambia ni furaha.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Jaribio, uwanjani nyuma ya duka. Nimepanda. Miguu imefika chini! Karibu nilie mbele ya muuzaji.

Kisha nikawasha. Gia ya kwanza inaingia kwa kukanyaga, nikakanyaga, ikaingia, nikaondoka kama bwana. Za juu zinaingia kwa kuinua kijiti na ncha ya kiatu. Ncha ya kiatu haiingii. Soli ni nene mno. Nikasukuma, nikasokota mguu, nikaomba. Gia ya kwanza ilikuwa ndiyo gia. Nikauzunguka uwanja injini ikilia mpaka mafundi wakatoka kutazama, nikamalizia kwenye rundo la matairi chakavu. Ahsante Mungu kwa matairi chakavu! Pikipiki haina hata mkwaruzo.

Muuzaji alinisifu. Eti wateja wengi wanakimbiza sana siku ya kwanza.

Kupunguza soli nisifike chini, au kuziacha nisipande gia? Kuna skuta ya waridi inanisubiri. Soli zinabaki. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Tumeondoka asubuhi. Mke wangu nyuma na sketi yake ya bluu. Komando mbele na mifuko yake yote. Mimi katikati ya maisha na mauti, gia ya kwanza.

Muuza mayai kwa baiskeli alitupita. Akatusalimia. Mke wangu akaitikia na wakaulizana hali za nyumbani, nafasi ilikuwapo. Komando akarudi nyuma kuuliza kama kuna tatizo. Nikapiga kelele kwamba injini mpya hufundishwa taratibu, kama mtoto. Akanitazama sana. Nikajikaza kisabuni.

Njia yote sikuona mlima hata mmoja. Nilikuwa naitazama barabara mita mbili mbele ya gurudumu, jasho linaingia machoni. Niandike ukweli: niliogopa. Niliogopa tangu Jumanne.

Kisha tukafika kwenye kijito kinachokatiza barabara. Komando akakipita kwa mbwembwe, maji yakaruka, akapotelea konani. Mimi nikasimama kukichunguza. Nikaweka mguu wa kushoto chini. Tope. Nikauvuta mguu. Mguu ukaja, soli ikabaki.

Tukainama. Polepole sana. Nilipata muda wa kumuomba radhi mke wangu, mama yake, na ile taa. Mke wangu akateremka tu, kama mtu anayeinuka kitini, mimi na pikipiki tukalala topeni. Nikajua yamekwisha. Nikakiona kikapu!

Mke wangu akaiokota soli. Akaitazama mbele, akaitazama nyuma. Akanitazama mimi. Jicho lile sitalisahau.

Akanisaidia kuinua pikipiki, akakunja sketi magotini, akapanda. Miguu yake ikafika chini kote kuwili. Akaniambia nipande nyuma nishike vizuri. Gia ya kwanza. Ya pili. Ya tatu! Kijito tukakipita kama hakipo. Kumbe miaka ile ya mwanzo ya unesi wake, kabla hajanijua, alisambaza chanjo milima hii hii kwa pikipiki, boksi la barafu likiwa limefungwa nyuma. Nikamuuliza kwa nini hajaniambia. Akasema sijawahi kumuuliza, nilikuwa naeleza habari za taa.

Na hapo ndipo nilipoiona milima. Ni mizuri jamani! Mabega yalinishuka, nikaimba. Sijui lini mara ya mwisho nilipumua vile.

Mama mkwe alikuwa amesimama langoni na uso wa mtu anayesubiri habari mbaya. Alipomwona bintiye mbele akashusha pumzi, akakaa chini, akasema Mungu ni mwema, alidhani nitaendesha mimi.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Hukumu imetoka. Mke wangu anasema kuanguka hakuanguka, alishuka, na sketi ni safi. Pikipiki ya kijani inanunuliwa. Kimo kinamtosha, njia mbovu inaziweza, na zahanati anakofanya kazi iko njia moja na duka letu la taa. Ataendesha yeye. Mimi nitaifuta vumbi.

Skuta imeshindwa! Komando amebaki nayo, kikapu na yote. Nimelala mchana kutwa kama mtoto aliyenyonya.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Mke wangu ameniteremsha kona moja kabla ya duka. Kwa ombi langu. Nikaingia kazini kwa miguu, kofia ngumu kwapani.

Wakauliza safari ilikuwaje. Nikajibu kwa kifupi. Mlima, kijito, tope. Sikusema uongo hata mmoja, nilinyamaza tu kuhusu nani alikaa wapi. Mhasibu akashika mdomo. Kabla ya chakula cha mchana walikuwa wamekubaliana: mwezi ujao wafanyakazi wote twende milimani, wao kwenye gari la duka, mimi mbele na pikipiki kuwaongoza njia. Bosi akauliza kama nitaweza. Nikasema kwa nini nisiweze?

Hakuna shida. Nimeshafikiri. Mke wangu atavaa koti langu na kofia ile inayofunika uso wote, nani atajua? Mimi nitakaa nyuma, nimeinama, kimya, niwe yeye. Kilichobaki ni akubali tu, na nipate sketi ya kunitosha.