Swali la Adabu la Kaunti ya Tamarack

Kwa heshima na taadhima, mimi Delmar Zastrow, Mkurugenzi wa kwanza na wa pekee wa Ofisi ya Swali la Adabu, nawatangazia wananchi wote wa Kaunti ya Tamarack, kaskazini mwa Wisconsin, kwamba tatizo la bunduki kuingia mikononi mwa watu wasiofaa limekwisha. Lilikwisha rasmi Jumanne moja ya mwezi wa nane, saa tisa na robo alasiri, kwa kura kumi na moja dhidi ya mbili. Baada ya hapo tulikula keki.

Kwa wasiofuatilia mambo, niwakumbushe tulikotoka. Mtu akinunua bunduki dukani, mwenye duka hupiga simu, jina la mnunuzi linatafutwa kwenye orodha ya waliokatazwa, ndipo anauziwa au anarudi nyumbani mikono mitupu. Lakini akiuziwa na jirani yake kwenye maegesho ya kanisa, hakuna simu wala orodha. Wanapeana mikono, wanazungumzia theluji kwa nusu saa, bunduki inahamia gari jingine.

Mkuu wa Polisi wa kaunti, Lorna Pfaff, mwanamke asiyejua kuzunguka maneno, alikuja mbele ya Bodi ya Kaunti na pendekezo la karatasi moja: jirani naye apige simu.

"Ni dakika tatu," alisema. "Nimezipima kwa saa."

Mwenyekiti wa Bodi, Mheshimiwa Verlyn Gullickson, aliinuka taratibu kama anayekwenda kuzika. Ameongoza kaunti hii miaka kumi na tisa na hajawahi kumaliza sentensi bila kutaja uhuru.

"Dakika tatu, Lorna? Ndani ya dakika tatu unaweza kumuudhi mtu maisha yake yote! Mimi nisimame pale maegeshoni, nimwambie rafiki yangu, hebu ngoja kwanza nikuchunguze? Halafu Jumapili nikae naye benchi moja? Huo ndio uhuru?"

Ukumbi ulimpigia makofi ya kiasi, maana makofi mengi hapa kwetu ni majivuno. Sisi ni watu wa adabu. Ukimkanyaga mtu mguu, ni yeye anayekuomba radhi. Mgeni akiaga saa nane, anatoka saa tisa na nusu, kwa sababu hakuna anayetaka kuonekana amemfukuza. Kumuuliza mtu mzima kama jaji aliwahi kumkataza kitu ni jambo ambalo mababu zetu wasingelifanya hata kwa kulazimishwa.

Ndipo Mheshimiwa akaleta maridhiano yaliyotuletea sifa hadi kaunti ya jirani. Badala ya uchunguzi, kila muuzaji binafsi atamwuliza mnunuzi Swali la Adabu, nalo ni hili: "Mambo shwari?" Mnunuzi akijibu "Siwezi kulalamika," mauzo yanaendelea. Kifungu cha nne kinatamka kwamba mnunuzi hadanganyi. Kifungu cha saba, alichokiandika Mheshimiwa kwa mkono wake, kinafuta rufaa zote na kuelekeza kwamba asiyeridhika aandike barua kwa ofisi yangu, nayo ofisi ipige muhuri.

Nikapewa chumba, kabati, muhuri, na kadi elfu mbili za manjano zenye Swali. Katika mwezi wa kwanza tuliuliza watu mia tatu na kumi. Waliojibu kwamba mambo si shwari hakuna hata mmoja. Sijui kaunti gani nyingine inaweza kujivunia wananchi wenye hali njema namna hiyo.

Tarehe tisa Septemba aliingia ofisini LaVonne Jankowiak, anayekaanga samaki kila Ijumaa katika Klabu ya Wawindaji. Mkono wake wa kulia una chuma ndani tangu majira ya baridi, kazi ya Rodney Kuehl, aliyekuwa mumewe. Mwezi wa tatu jaji alimkataza Rodney kumkaribia, na akamkataza kushika bunduki ya aina yoyote. Jambo hilo analijua kila mtu kaunti nzima, na hakuna aliyewahi kulisema kwa sauti.

"Delmar," alisema, "umekula maharage ya mama yangu wewe."

"Nimekula, dada. Mara nyingi."

"Rodney anatafuta bunduki. Amewaambia watu kabisa. Nakuomba mtu yeyote atakayemuuzia apige simu moja tu. Jina lake limo kwenye orodha."

"Dada LaVonne, ofisi hii haichunguzi watu. Inauliza kama mambo ni shwari."

"Na akisema ni shwari?"

"Basi ni shwari."

"Na kama anadanganya?"

"Kifungu cha nne," nikamjibu, kwa upole wote niliofundishwa.

Alinitazama kwa muda ambao kwetu si adabu kumtazama mtu. Kisha akasema, "Unajua ni kitu gani kinanichoma? Huyo huyo Rodney hawezi kuazima birika la kanisa."

Hilo ni kweli, na ni la haki. Birika kubwa la kahawa la kanisa letu, la vikombe arobaini na viwili, haliazimwi hovyo. Kuna fomu, kuna wadhamini wawili, kifuniko kinakaguliwa kwenda na kurudi, na jina la mwazimaji linatafutwa kwanza kwenye orodha ya waliokatazwa. Orodha hiyo anaitunza Mheshimiwa Gullickson mwenyewe, akiwa mzee wa kanisa. Rodney yumo namba moja tangu kiangazi aliporudisha birika bila kifuniko. Mheshimiwa aliandika kando ya jina lake, kwa wino mwekundu: "Asiaminiwe na kitu chochote. Maisha."

"Birika ni mali ya kanisa," nikamweleza LaVonne.

Akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto, akaandika barua pale pale mezani, jina la Rodney, jina la jaji, tarehe na amri. Nikapiga muhuri. Sikupiga kwa dharau, nataka hilo lieleweke. Nilitoa nakala tatu: moja ya kabati, moja yake, moja ya Mwenyekiti wa Bodi, ikiwa na kikaratasi cha kuthibitisha kwamba ameisoma. Kesho yake kikaratasi kilirudi: "Nimesoma, nimeelewa. V. Gullickson." Mheshimiwa hutia saini kila kitu kabla ya chakula cha mchana, na hapo ndipo ilipo siri ya uongozi wake.

Mwezi wa kumi na moja, wiki moja kabla ya msimu wa kuwinda kulungu, Mheshimiwa aliamua kuionyesha dunia mafanikio yetu. Dunia ilikuwa mpiga picha wa gazeti la kaunti. Siku ya Ijumaa, saa kumi na moja jioni, katikati ya mlo wa samaki wa Klabu ya Wawindaji, angemuuzia bunduki yake ya zamani mwananchi wa kwanza atakayejitokeza, kwa Swali la Adabu, hadharani. Watu mia mbili walikuwa wameketi na sahani zao za samaki, mkate mweusi na kabichi. Lorna Pfaff alikuwa meza ya nyuma na Bibi Arlys Tollefson, mjane wa miaka themanini na moja anayepiga kinanda kanisani.

"Nani atakuwa wa kwanza?" Mheshimiwa aliuliza, bunduki mkononi, tabasamu limekaa sawa.

Akasimama Rodney Kuehl. Alikuwa amechana nywele.

Nimehudhuria mazishi yenye kelele kuliko ukumbi ule. Watu mia mbili walijua. Watu mia mbili waliinamisha vichwa wakachunguza kabichi zao. Mpiga picha alifuta kamera iliyokuwa safi. Mimi nilikuwa nimesimama karibu kabisa na Mheshimiwa, nimeshika kadi ya manjano, na barua ya LaVonne ilikuwa kwenye faili chini ya kwapa langu. Nikatazama viatu vyangu. Naona aibu kwa hilo, na nimeliandika kwenye ripoti ya mwaka, kiambatisho cha tatu.

"Mambo shwari, kaka?" Mheshimiwa akauliza.

"Siwezi kulalamika, Mheshimiwa."

Bunduki ikahama mkono. Kamera ikamulika. Tukapiga makofi ya kiasi.

Hapo mlango wa jikoni ukafunguka, akatoka LaVonne na aproni yake, koleo la samaki mkononi, mafuta yakidondoka sakafuni.

"Verlyn," alisema. "Mwulize jaji alimwambia nini mwezi wa tatu."

"LaVonne, mama, tafadhali. Hapa si mahali pake."

"Haya, niambie mahali pake ni wapi, nitakwenda. Nimekwenda ofisini, nikapigiwa muhuri. Mahali pake ni wapi?"

Rodney akacheka kidogo. "Rudi jikoni wewe, samaki wanaungua. Mimi nimeulizwa na nimejibu. Au sivyo, Mheshimiwa?"

LaVonne hakurudi jikoni. Kiti kikasogezwa nyuma. Lorna Pfaff alikuja hatua kwa hatua kati ya meza, mdomo bado una samaki, akamnyang'anya Rodney bunduki kwa mkono mmoja na kumtia pingu kwa mwingine.

"Azimio lenu nimelisoma, Verlyn," alisema alipomeza. "Lakini kuna sheria ya nchi nzima. Huyu hakuruhusiwa kuigusa. Na anayemkabidhi mtu kama huyu huku akijua, naye ana kesi."

Mheshimiwa akainua mikono yote miwili. "Huku akijua! Umesikia mwenyewe, Lorna. Mimi sikujua! Nani aliniambia? Hakuna aliyeniambia! Kama kuna uzembe, ni wa Ofisi ya Swali la Adabu!"

Ndugu wananchi, mimi ni mtu mpole. Nimevumilia kejeli, nimevumilia chumba kisicho na dirisha. Lakini kusikia ofisi yangu inasingiziwa uzembe mbele ya watu mia mbili na gazeti, hilo lilinishinda.

"Samahani sana, Mheshimiwa," nikasema, "ulijua." Nikafungua faili. "Barua imepokelewa tarehe tisa Septemba, muhuri huu hapa. Nakala imefika kwako tarehe hiyo hiyo. Na hiki hapa kikaratasi, Mheshimiwa, saini yako: nimesoma, nimeelewa."

Nilidhani atanishukuru kwa kumbukumbu nzuri. Lorna alichukua faili, akasoma, akanipiga begani. Toka meza ya wanakwaya sauti moja ikasema, bila kuinua kichwa, "Na ile orodha ya birika pia." Hadi leo hatujui nani alisema, na hatuwezi kuuliza.

Mambo yaliyofuata yalikwenda haraka. Rodney yuko ndani. Mheshimiwa alifunguliwa mashtaka makubwa mahakamani, na bunduki zake zote kumi na nne zikachukuliwa hadi kesi iishe. Mwendesha mashtaka alimwuliza kama alimfahamu Rodney Kuehl. Mheshimiwa akasema kwa mbali tu. Akaonyeshwa orodha ya birika, wino wake mwekundu.

Jumamosi msimu wa kulungu ulipofunguliwa, Verlyn Gullickson, ambaye hajakosa msimu tangu akiwa na miaka kumi na miwili, alikuja maegesho ya kanisa akiwa amevaa koti lake la uwindaji la rangi ya chungwa na hana cha kubeba. Bibi Arlys alikuwa anauza bunduki ya marehemu mumewe, imelala juu ya blanketi nyuma ya gari. LaVonne alikuwa pembeni, anamsaidia kupanga keki za mnada wa kanisa. Nami nilikuwepo kikazi. Nikampa Arlys kadi.

"Mambo shwari, Verlyn?" akasoma.

"Siwezi kulalamika, mama."

Arlys akaitazama kadi, mbele na nyuma. Huyu ni mama ambaye hajamuuliza mtu swali la jeuri kwa miaka themanini na moja. Akamtazama LaVonne. Akatoa simu kwenye mkoba.

"Ngoja kidogo, mwanangu," akasema. "Nampigia Lorna."

Theluji ilikuwa inaanguka. Watu wote wa maegesho walisimama wakingoja, na hakuna aliyezimia. Nilitazama saa yangu: dakika tatu.

"Wamesema hapana, jina lako limo kwenye orodha," Arlys akamwambia, kwa huruma ya kweli kabisa. "Chukua keki."

LaVonne alimfungia kipande cha keki ya tufaha kwenye karatasi, akamkabidhi kwa mkono wake wa kulia.

Jumatatu Verlyn alikuja ofisini kwangu. Kumbe sheria haina dirisha la rufaa, alisema, na hili si jambo la kiungwana kwa mwananchi. Nikamwonyesha kifungu cha saba. Akakisoma mara mbili, akakaa, akaandika barua ya kurasa sita. Nikapiga muhuri, nikatoa nakala tatu. Nakala ya Mwenyekiti wa Bodi niliipeleka kama utaratibu unavyotaka. Kwa kuwa kiti hicho kiko wazi tangu Verlyn aliposhtakiwa, iko mezani pale mpaka leo.

Alipofika mlangoni nilimwuliza, kwa kuwa ni kazi yangu, kama mambo mengine ni shwari.

Alisimama, akafikiri, koti la chungwa bado mwilini.

"Siwezi kulalamika," akasema, akaufunga mlango polepole usije ukanipigia kelele.